Mpwa wa Ambalal na Dhamana ya Ziada

Unjha ni mji wa Gujarat, India, ambako mtoto huijua harufu ya jira kabla ya kulijua jina la baba yake. Jira ndiyo hiyo bizari nyembamba ya pilau, na hapo ndipo inapopigiwa mnada, chungu kwa chungu, mpaka vumbi lake linaingia kwenye nywele, kwenye chai na kwenye shuka za kulalia. Jigisha alikulia katika vumbi hilo. Baba yake alifariki yeye akiwa bado anatambaa, mama yake akarudi naye nyumbani kwa kaka yake, Ambalal Patel, mfanyabiashara wa jira, ambaye dukani kwake huketi juu ya godoro jeupe, kati ya mito ya kuegemea na simu tatu zinazolia kwa pamoja.

Ambalal hakujaliwa mtoto wa kike. Alimpenda mpwa wake kupita kiasi, na kwa kuwa hakujua namna nyingine ya kupenda, alimfokea kutwa kucha.

"Tafuna taratibu, unakula kama ngamia anayewahi msafara! Na hiyo hesabu, hebu lete. Mtoto wa nyumba hii anakosea kujumlisha? Bora ungevunja sufuria."

Jigisha akajifunza kutokosea. Akasoma hesabu, akaenda Mumbai kwa fedha za mjomba, akapata digrii, akaolewa na daktari wa meno asiye na maneno mengi. Siku ya harusi, Ambalal alileta zile zawadi ambazo mjomba wa bibi harusi lazima alete. Alizileta kwa lori, zikitanguliwa na matarumbeta, mpaka wakwe wakaanza kutazamana na kuficha sahani walizoandaa wao. Tangu hapo, kila Divali, sikukuu ya taa inayofunga mwaka wa Kigujarati, Jigisha hurudi Unjha, hata kama mumewe ana zamu, hata kama treni imejaa hadi mlangoni.

Kazi aliipata katika Jumba la Dhamana. Walio nje hudhani ni benki, na Jigisha alishachoka kubishana nao. Katika soko la ahadi mtu hununua leo jira atakayoipokea miezi ijayo, kwa bei ya leo. Mwenye kununua na mwenye kuuza hawajuani, wala hawana haja ya kujuana, kwa sababu Jumba husimama katikati yao. Mmoja akianguka, Jumba linamlipa mwingine. Nalo lisije likaanguka lenyewe, kila mmoja huliwekea dhamana, na kila jioni bei ikienda kinyume chake, huitwa aongeze. Kazi ya Jigisha ilikuwa kupima: dhamana kiasi gani inatosha?

Miaka mingi jibu lilikuwa jepesi. Tazama jira huweza kushuka kiasi gani kwa siku moja au mbili mbaya, chukua dhamana ya kufunika hapo, nenda kalale. Lakini mwaka ule mvua ilichelewa, bei ikapanda kama mtu anayekimbizwa na nyuki, na Jigisha akaona jambo lililomtoa usingizini. Ahadi za kununua zilikuwa zimejikusanya katika mikono michache. Mtu mwenye magunia kidogo akitaka kutoka sokoni, hakuna anayegeuka kumtazama. Lakini aliyeshika robo ya soko hawezi kutoka kwa siku mbili. Kila gunia analouza linashusha bei ya yale yaliyobaki mkononi mwake, na anavyozidi kukimbia ndivyo anavyozidi kujikanyaga. Dhamana ya siku mbili kwa mtu wa namna hiyo ni mwavuli wa karatasi.

Basi akatengeneza kanuni. Mzigo ukiwa wa kawaida, dhamana ni ile ile. Mzigo ukizidi kile ambacho soko linaweza kukimeza kwa siku, kila gunia la ziada linatozwa dhamana ya ziada, na kadiri unavyonenepa ndivyo unavyotozwa zaidi. Ukitaka kubaki mnene, lipia unene wako. Ukiona ghali, punguza.

Aliiwasilisha kwa mkuu wake, Bwana Seshadri, mzee wa Kitamil aliyekunywa kahawa yake akiimwaga kutoka kikombe hadi kibakuli na kurudi, huku akisikiliza. Jigisha alimaliza kwa kusema jambo ambalo hakupenda kulisema.

"Mmoja wa hao wanene ni mjomba wangu. Nilishaandikisha zamani kwamba ana biashara hii. Lakini nataka ulisikie kwa mdomo wangu."

"Kanuni inamjua mjomba wako?"

"Haimjui."

"Basi mwenzako atazipitia hesabu zako upya, na wewe utafunga mdomo. Hilo la pili ndilo gumu, eh?"

"Divali naenda kula kwake."

"Pole sana," alisema Seshadri, na alimaanisha.

Kamati ikaipitisha. Likabaki swali la tarehe, na hapo ndipo Jigisha mwenyewe akajikwaa. Alisema: tangazo litoke Jumba likifunguliwa baada ya Divali, na kanuni ianze Siku ya Tano ya mwaka mpya wa Kigujarati, ile Labh Pancham, maduka ya Gujarat yakishafunguliwa. Watu watakuwa wamepumzika, wameshiba, na watakuwa wamepata siku kadhaa za kujipanga. Kamati ikaona ni wazo la huruma, ikalipokea bila swali. Miaka mingi ya Mumbai, mji ambako soko hupumzika kidogo tu na kurudi mbio, ilikuwa imemfanya mtoto wa Unjha afikiri kama mgeni.

Akapanda treni.

Mkaza mjomba, Kokila, ambaye Jigisha humwita Mami, alimpokea mlangoni kwa kumbana mashavu. "Umekonda! Huyo mumeo anang'oa meno ya watu na chakula chako?"

"Mami, nimenenepa."

"Nani kakuambia? Mzani wa Mumbai? Ile mizani yote imechezewa. Keti."

Mezani palikuwa na ghughra, zile sambusa tamu za nazi na lozi, na Ambalal alikuwa amekaa mbele yake, amevaa kurta mpya, ile kanzu fupi, ameng'aa kama sarafu. Hakusubiri hata mgeni anawe mikono.

"Jira mwaka huu, Jigu! Jira! Nimenunua mpaka dalali wangu ananiuliza kama nina homa. Wengine wote wananiogopa. Bechardas mwenyewe, yule mwenye shingo ya kobe, kanisalimia wa kwanza sokoni. Wa kwanza!"

"Mjomba, si mzigo mwingi huo?"

"Mwingi kwa nani? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wanasema. Huu ni wangu mwenyewe, na hata hivyo naona mwepesi." Akacheka, kisha akapunguza sauti, akasogeza sahani kando. "Niambie, mwanangu. Huko jumbani kwenu kuna lolote linakuja?"

Hapo Jigisha aliushukuru ujanja aliojifunza tangu mwaka wa kwanza wa kazi. Kila Divali mjomba aliuliza swali hilo hilo, na kila Divali, liwepo jambo lisiwepo, alipewa jibu hilo hilo, kwa maneno yale yale.

"Mambo ya kazini yamebaki Mumbai, mjomba."

"Haya, haya. Kila mwaka yamebaki Mumbai. Siku moja yatapanda treni."

Maneno yalikuwa yale yale, ila moyo haukuwa ule ule. Njia mbili zilimshinda fisi, naye Jigisha alikuwa na njia mbili na sahani iliyojaa. Akisema, atakuwa ameiba kwa watu wote walioliamini Jumba ili ampe mtu mmoja. Akinyamaza, anamlia mjomba wake ghughra huku akijua kitakachompata wiki ijayo. Alinyamaza, akachukua ghughra ya pili. Iliuma, wala tusiseme haikuuma.

Asubuhi iliyofuata Ambalal alimpeleka dukani kumwonyesha mzani. Ulikuwa umefungwa uzi mwekundu, kama mizani yote ya mji huo wakati wa Divali, na haufunguliwi mpaka Siku ya Tano.

"Bechardas anasema bei inaweza kuyumba baada ya sikukuu," Ambalal alisema akiugusa ule uzi kwa kidole. "Na iyumbe! Mpaka Siku ya Tano mkono wangu haugusi biashara, na hiyo siku yenyewe nanunua tu. Nani anauza siku anayofungua duka? Ni kumsukuma Lakshmi, mungu wa mali, nje ya mlango na kumtupia viatu vyake."

Jigisha alisimama pale pale. Alikuwa ameyasikia maneno hayo utoto wake wote, na yeye ndiye aliyeufunga uzi ule kwa mikono yake miaka mingi. Tarehe! Tangazo litatoka mizani ikiwa imefungwa, na kanuni itaanza siku ambayo hakuna mtu wa Unjha atakayeuza hata kijiko. Hakuna atakayekuwa amepunguza mzigo. Wasioweza kuleta dhamana ya ziada wataingia siku ya sita wakiwa na upungufu, na kesho yake Jumba, kwa sheria zake lenyewe, litawauzia mizigo yao kwa nguvu, wote pamoja, asubuhi moja. Bei itaporomoka. Kanuni ya kuzuia watu wasikanyagane mlangoni ingewakanyagisha, na duka hili lenye godoro jeupe lingekuwa la kwanza kwenda.

"Una nini?" mjomba aliuliza. "Umekuwa mweupe."

"Vumbi."

"Vumbi! Mumbai imekuharibu."

Wazee walipolala mchana, Jigisha alipanda darini akampigia Seshadri. Alimweleza yote: uzi, mzani, Siku ya Tano. Upande wa pili ilisikika kahawa ikimwagwa.

"Hili ulipaswa kulijua," Seshadri alisema hatimaye.

"Nilipaswa. Ni kosa langu, si la mtu mwingine."

"Na sasa unaniomba nisogeze tarehe. Unaniomba kama mfanyakazi, au kama mpwa?"

Jigisha alitazama mapaa ya Unjha, magunia yaliyopangwa uani, shati la mjomba kwenye kamba ya nguo.

"Sijui," alisema. "Kweli sijui. Ndiyo maana nakuambia wewe, sijaenda kwa kamati."

"Jibu zuri. Ungesema kama mfanyakazi nisingekuamini. Kuanzia sasa suala la tarehe si lako. Usipige simu, usiulize. Nenda kale."

Seshadri akamweka mtu mwingine afukue biashara ya miaka iliyopita. Ikaonekana wazi: Siku ya Tano, kutoka Gujarat, ununuzi tele na uuzaji karibu hakuna. Kamati ikabadili mpango. Nusu ya dhamana ya ziada ianze wiki moja baada ya Siku ya Tano, nusu ya pili baada ya mwezi. Kiasi hakikupunguzwa hata chembe. Mwenye mzigo atalipa au atapunguza, ila atakuwa na mlango na muda wa kuupita. Jigisha aliyajua hayo siku moja na watu wengine wote, tangazo lilipobandikwa.

Siku hiyo hiyo wenye mizigo wa miji mingine wakaanza kuuza, na bei ikaanza kushuka. Unjha walikaa majumbani mwao, mizani imefungwa, wakitazama simu zao na kuuma midomo. Ilipofika Siku ya Tano wakafungua, wakanunua kidogo kwa ajili ya baraka, na kesho yake wakaanza kuuza. Hawakuuza kwa kukanyagana. Waliuza leo kidogo, kesho kidogo, wakinung'unika. Soko likameza, likakohoa, likameza tena.

Kila Siku ya Tano, tangu Jigisha aondoke nyumbani, Ambalal humpigia simu kumtajia bei ya kwanza ya mwaka. Mwaka ule hakupiga. Jigisha, ambaye alikuwa amesharudi Mumbai, aliiweka simu karibu na jiko, kisha karibu na mto. Aliyepiga, siku kadhaa baadaye, ni Kokila.

"Umemfanya nini mjomba wako? Anakula kama mtawa. Jana nimesahau chumvi kwenye dengu, hakusema kitu. Hakusema kitu, Jigu! Nimeogopa nusura nimwite daktari."

"Mami, ni mambo ya kazi."

"Kazi gani hiyo inayomnyima mtu ugomvi?"

Jigisha alicheka, halafu akakaa sakafuni jikoni akalia, na mumewe asiye na maneno akaja akakaa naye, akazima moto wa chai iliyokuwa ikifurika.

Maneno ya Unjha yakafika Mumbai, maana soko lina masikio kuliko mdomo. Watu walikuwa wakinong'ona kwamba Ambalal aliambiwa mapema. Ana mpwa jumbani, si ndiyo? Kala naye Divali, si ndiyo? Katutupia sisi mzigo wake kabla ya tangazo, kajiondokea zake. Neno kama hilo likishika, Jigisha hana kazi tena, wala hatapata nyingine katika soko lolote. Na Ambalal, ambaye watu humpa magunia kwa neno lake tu, hatapewa hata punje. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini hawa wawili hawakuwa wamechuma lolote.

Mwezi haujaisha, wafanyabiashara wa jira walituma wajumbe Mumbai kulalamikia kanuni. Walikaa upande mmoja wa meza ndefu, kurta nyeupe na kofia, harufu ya jira ikajaa ukumbi mpaka mashine ya ubaridi ikashindwa. Ambalal alikuwemo. Alimsalimia mpwa wake kwa viganja vilivyokutana.

"Namaste, Jigishaben."

Kwa sauti ile ile, na ile ben ya heshima wanayopewa wanawake wasio wa nyumbani, angemsalimia karani wa stesheni. Jigisha akajibu namaste, akafungua karatasi zake, akaeleza kanuni tangu mwanzo, bila kumtazama mtu. Alipomaliza, Bechardas aliinyoosha ile shingo yake.

"Kanuni nzuri," alisema. "Hasa kwa wenye wapwa."

Kuna waliocheka kidogo, na kuna walioinamia vikombe vyao. Seshadri aliweka kibakuli chini, akafungua mdomo, lakini Ambalal alikuwa ameshasimama.

Mfanyabiashara wa Unjha hasemi hasara yake. Hawa ni watu wanaopatana bei kwa vidole chini ya kitambaa ili jirani asione. Ghala la mtu litaungua lote, na ukimpa pole atakuambia ni kidogo tu, Mungu mkubwa. Hamwambii rafiki, wala mke. Kuitaja hasara kwa tarakimu mbele ya mshindani ni sawa na kuvua nguo sokoni.

"Bechar," Ambalal alisema, "mzigo wangu ulikuwa mkubwa kuliko wako. Unajua, maana umenichungulia mwaka mzima. Siku tangazo linabandikwa nilikuwa nao wote. Wote! Sijauza hata gunia. Nimeanza kuuza baada ya Siku ya Tano, na wewe, na hawa, bei imeshalala chini." Akaweka viganja vyote viwili mezani. "Nimepoteza rupia laki hamsini na mbili."

Mmoja wa wenzake alisema, "Ambalal, kaa," kwa sauti ya kumwonea huruma.

"Sikai. Laki hamsini na mbili. Mke wangu hajui, leo atajua, maana nyinyi hamna vifua. Dalali wangu yuko mjini, muulizeni niliuza lini. Mtu aliyeambiwa mapema hupoteza hivyo? Duka langu limesimama, nashukuru, lakini limechechemea. Na huyu alijua. Alikaa mezani kwangu, nikamuuliza kwa kinywa changu, akanijibu kama anavyonijibu kila mwaka: mambo ya kazini yamebaki Mumbai. Nikamkasirikia. Nikamnyima simu, mimi mzee mzima, kama mtoto aliyenyang'anywa kishada." Akamnyooshea kidole Jigisha. "Kama kuna anayetaka kujua huyu ni mtu wa namna gani, aniulize mimi. Nimemlea mimi."

Jigisha alikuwa ameiinamia karatasi asiyoisoma, na herufi zote zilikuwa zimelowa. Alitaka kuizunguka meza ile ndefu. Hakuizunguka. Bechardas alikohoa, akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Pole, Ambalal," alisema, na safari hii shingo ilikuwa imerudi ndani.

"Asante." Ambalal alikaa, akajipangusa uso kwa kitambaa, akanywa maji ya mtu mwingine, akavuta kiti mbele. "Haya. Tumekuja kwa kazi. Jigishaben, hiyo dhamana yenu ya ziada ni wizi wa mchana kweupe. Punguza robo."

Jigisha alifuta macho kwa kiganja. "Haipungui, Ambalalbhai."

"Sehemu ya kumi basi. Kwa ajili ya uzee wangu."

"Haipungui."

"Hata chembe?"

"Hata chembe."

Ambalal aliegemea kiti, akamgeukia Bechardas, na uso wake wote ulikuwa umefunguka kwa fahari.

"Umesikia?" alisema. "Hata mimi hanipunguzii!"